Mke Mwenza Kwenye Maonesho ya Maua

Daktari alimwambia Mwanvita atazame ukutani amsomee herufi. Mwanvita akajibu kwamba herufi hazijui, aliachia shule darasa la pili, lakini anaona kwamba shati la daktari lina kifungo kimoja chekundu na vingine vyote vyeupe. Daktari akajitazama kifuani, akaangua kicheko.

"Basi, mama, kazi imekwisha. Hilo jicho la pili tutalifanya mwezi wa kumi. Vumbi liogope, na miwani hii usiivue juani."

Mwanvita akatoka nje. Furaha alikuwa kwenye benchi na kikapu chao, akainuka haraka kumshika mkono kama alivyozoea.

"Vipi, dada?"

"Nimepona," alisema Mwanvita, na macho yake yakapita juu ya bega la Furaha hadi milimani. Wiki nzima tangu upasuaji, jicho lilikuwa chini ya kifuniko cha plastiki, matone na ukungu. Leo Uluguru ilikuwa imesimama pale wazi, na ilikuwa na rangi ya bluu! Alikuwa ameisahau bluu. Miaka minne kila kitu kwake kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. "Alhamdulillahi," alisema, akarudia mara tatu.

Furaha alikuwa mke mwenzake. Marehemu mume wao, Mzee Abeid, alimwoa Mwanvita kwanza, na miaka kumi na miwili baadaye akamleta Furaha, na kwa muda mrefu wanawake hao waliishi kwenye boma moja pale Matombo kama paka na panya. Upo mwaka mzima waliopitisha bila kusemezana. Chumvi ikimwishia mmoja, alimtuma mtoto kwa mwenzake. Kisha mzee akafariki, watoto wakatawanyika, wengine Dar, wengine Dumila, na mtoto wa jicho akamwingia Mwanvita, kulia kwanza, halafu kushoto. Kijiji kizima kilidhani Furaha atafunga mizigo arudi kwao. Hakurudi. Alimshika Mwanvita mkono kwenda kisimani, kwenda msibani, kwenda msalani wakati wa mvua njia inapoteleza. Na kwa kuwa Mwanvita alikuwa mtu wa maua, mwenye bustani ambayo hata masista wa misheni walikuja kuomba vipandikizi, kila asubuhi Furaha alimzungusha humo akimsimulia: hili limechanua, lile konokono wamelila, hili limepauka kama kitenge kilichofuliwa sana.

Mwanvita alisikiliza, akakosoa, wakati mwingine akanuna. Asante hakuwahi kuitoa. Ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, maana aliona akiitoa, atakuwa amekubali kwamba ugomvi wa miaka yote ile ulikuwa wake.

Usafiri wa kurudi Matombo ulikuwa wa alasiri. Mpwa wao wa Kilakala, walikofikia, alikuwa amewaambia kwamba wiki hiyo kulikuwa na maonesho makubwa ya maua na bustani kwenye viwanja vya Nane Nane. Furaha ndiye aliyetoa wazo.

"Dada, umepata jicho, utalirudisha kijijini bila kulionesha kitu?"

Watu walikuwa wengi kuliko siku ya sikukuu. Kulikuwa na wanafunzi wa chuo na simu zao juu, wanaume waliobeba mitende midogo mabegani, familia nzima zilizokuja na chakula. Muziki ulitoka pande tatu na kila upande na wimbo wake. Mwanvita hakusikia hata mmoja. Aliingia kati ya mabanda kama mtu aliyefunga mwezi mzima akawekewa futari. Waridi la rangi ya ulimi wa paka. Bogenvila za machungwa. Yungiyungi jeupe kwenye beseni la maji, katikati yake kijani kidogo sana ambacho angeapa hakuna mtu aliyewahi kukiona isipokuwa yeye. Aliinama, akanyanyuka, akavuka kwenda banda jingine, akarudi kulitazama tena la kwanza. Wakati fulani alihisi mkono wa Furaha umemtoka mkononi, wala hakujali. Alikuwa anaona; mkono wa nini?

Alipochoka, akageuka kusema, "Furaha, hebu tazama hili," akajikuta anazungumza na mwanamume mnene mwenye ndoo.

Furaha hakuwepo.

Mwanvita alisimama akazungusha macho. Wanawake walikuwa mamia, waliovaa mitandio, vilemba, khanga, baibui. Simu yao ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa humo kwenye pochi yake mwenyewe. Aliuliza huku na huku, mwishowe akaelekezwa kwenye hema la matangazo, ambako alimkuta binti aliyejitambulisha kwa jina la Brenda, mwenye kipaza sauti na chupa ya maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimepotelewa na mwenzangu. Anaitwa Furaha, Furaha binti Mwinjuma, wa Matombo."

"Tutamtangaza sasa hivi. Amevaa nguo gani?"

Mwanvita akageuka kutazama umati nje ya hema.

"Khanga? Gauni? Mtandio wa rangi gani?"

"Sijui."

"Si mmekuja pamoja?"

"Tumekuja pamoja."

"Basi sura yake. Ni mnene, ni mwembamba? Ana mvi?"

Mwanvita alitaka kujibu kwamba Furaha ni mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye nywele nyeusi tii. Kisha akakumbuka kwamba huyo alikuwa Furaha wa kabla ya ukungu. Wa leo alimpita asubuhi hospitalini akitazama mlima. Tangu saa tatu alikuwa ametazama maua yote ya Morogoro, na yule aliyekuwa macho yake kwa miaka minne hakumtupia jicho hata mara moja.

"Kidole gumba chake cha kulia hakina ukucha," alisema kwa sauti ndogo. "Alijikata akinimenyea ndizi. Ananukia karafuu. Sauti yake ina mikwaruzo, hasa asubuhi."

Brenda alimtazama, akaweka chini kalamu. "Mama, hayo hayatangaziki." Lakini alipoona machozi yanashuka chini ya ile miwani myeusi, akamsogezea kiti na kutangaza hivyohivyo, jina na kijiji, mara tatu, akishindana na muziki.

Robo saa ikapita. Hakuja mtu. Mwanvita akamshukuru binti wa watu, akainuka kwenda kutafuta mwenyewe.

Alirudi kwenye njia ileile ya mabanda, akichungulia uso mmoja mmoja. Jicho lake jipya lilimletea kila kitu kwa pamoja, rangi zote, sura zote, hata kichwa kikaanza kumuuma. Akasimama kando ya nguzo. Akavua miwani, akafumba macho yote mawili, kama alivyokaa miaka minne.

Viwanja vikabadilika. Sasa aliweza kuutenga muziki na kuuweka kando, kama mtu anavyotenga pumba na mchele. Akasikia maji ya kumwagilia, mtoto anayedai aiskrimu, wanaume wanaobishana habari za mbolea. Na mbali kidogo, upande wa kushoto, akasikia mikwaruzo.

"... na hili sasa ni la njano, dada. Si njano ya limau, ni ya ndizi mbivu ile iliyoanza madoa. Petali zake nyembamba, ziko kama kumi na tano hivi. Linalofuata ni zambarau, limeinama kama bi harusi..."

Mwanvita aliifuata sauti hiyo akipapasa mabega ya watu, na watu wakampisha wakidhani haoni. Alifumbua macho alipofika. Kwenye banda la mwuza miche mmoja aitwaye Stephano, mwanamke mrefu mwenye gauni la kijani na mtandio wa rangi ya maziwa alikuwa anasimulia maua kwa sauti kubwa, kama anayezungumza peke yake, na watu kumi na tano hivi walikuwa wamemzunguka wakisikiliza.

"Huyu mama ameniuzia miche mingi tangu asimame hapa," Stephano alikuwa anawaambia. "Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kama haya maua yangu ni mazuri hivi!"

"Furaha," aliita Mwanvita.

Yule mwanamke akanyamaza, akageuka. "Umefika," alisema, na mabega yake yakashuka. "Nilikuona umepotelea kwenye watu. Nikajisemea, nikikukimbilia tutapishana. Bora nisimame mahali pamoja niseme tu. Sauti yangu unaijua."

Mwanvita akamsogelea. Alikuwa anatazama. Alitazama mvi zilizochungulia kwenye mtandio, mgongo ulioanza kupinda, mashavu yaliyoingia ndani, mstari kati ya nyusi ambao zamani haukuwepo. Akamshika mkono, akakitazama kile kidole gumba pia.

"Mbona unanitazama hivyo, dada? Nina uchafu?"

"Nimetazama maua toka asubuhi," alisema Mwanvita. "Wewe sikukutazama. Wameniuliza umevaa nini, nikashindwa. Furaha, mdogo wangu, asante. Asante ya kisimani, na ya msalani, na ya bustanini. Ningeitoa zamani. Nilikuwa na kiburi."

Furaha akainamisha uso. Alichezea pindo la mtandio.

"Nimekuwaje basi?" aliuliza mwishowe. "Nisimulie na mimi."

"Umezeeka."

"Ala!"

"Umezeeka vizuri. Umepata sura ya mtu anayeaminika. Zamani ulikuwa mzuri mno, ulikuwa unanikera."

Wakacheka hadi Furaha akashika ubavu, na baadhi ya wale wasikilizaji wakacheka nao bila kujua kinachochekwa.

"Sasa chagua," Mwanvita akasema, akionesha meza ya Stephano. "Chagua ua unalolipenda kuliko yote, nitakununulia leo. Zambarau hili? Au la ndizi mbivu?"

Furaha akaguna. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayetaka kukiri wizi.

"Dada, usinikasirikie. Mimi maua siyapendi."

"Huyapendi?"

"Siyapendi hata kidogo. Hayaliwi. Nilikuwa nayatazama kwa ajili yako."

Mwanvita akaikumbuka bustani yake. Asubuhi zote zile, umande wote ule, konokono wote wale!

"Unapenda nini, basi?"

"Kule mwisho, nyuma ya banda lile," alisema Furaha, na sauti yake ikachangamka ghafla, "nimeona miche ya bilinganya. Mizuri! Na kabichi, na nyanya chungu za aina ambayo kwetu haipo."

Wakaenda. Furaha alichukua muda mrefu, akigeuza kila mche kukagua mizizi, akiwauliza wauzaji maswali hadi wakataka kukimbia, na Mwanvita alisimama pembeni akimtazama, hana haraka, akilihifadhi gauni la kijani na mtandio wa maziwa. Saa tisa ilipokaribia walikuwa na trei nzima: bilinganya kumi na mbili, nyanya chungu kumi, na kabichi ambazo Furaha hakujua idadi yake kwa sababu mwuzaji alizidisha kwa kuchoka.

"Tutazipanda wapi zote hizi?" aliuliza Furaha.

"Upande wa mlangoni, penye jua," alisema Mwanvita. "Tutang'oa waridi."

Akaibeba trei yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, akatangulia kuelekea getini, akipasua njia katikati ya watu, na Furaha akamfuata nyuma na kikapu.