Magunia ya Tajiri Bunjo

Mwaka ule sukari iliadimika Kampala hadi watu wakikutana njiani walisalimiana, wakajuliana hali za watoto, kisha wakaulizana kwa sauti ya chini, "Umeionja lini?" Na mwaka huohuo ndipo Phelister, mke wa Ojara karani wa reli, alipoandika kwamba tajiri Bunjo amekutwa amekufa kitandani mwake, na stoo yake imejaa magunia ishirini ya sukari nyeupe.

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anamnyonyesha mwanawe Akot huku anaandika, na mama anayenyonyesha akili yake hukimbilia vitamu bila kuomba ruhusa.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha tatu katika visa vya Inspekta Pilipili, mpelelezi mnene asiyeweza kufikiri mpaka avue viatu. Phelister na mumewe walikitunga katika nyumba yao ndogo ya Nsambya, na walikuwa na utaratibu wao: sura hii ya mke, inayofuata ya mume, na ni mwiko kumwambia mwenzako unakoelekea. Walifikia hapo kwa sababu kitabu cha kwanza walikipanga pamoja, wakanuniana wiki nzima kwa ajili ya kisu, mume akitaka cha jikoni na mke akitaka cha bucha. Sasa kila mmoja alimtegea mwenzake fumbo, akaenda kulala akicheka. Sura ikiisha, mwalimu wa masomo ya jioni aliitolea nakala kwa mashine yake, na Maimunah mchuuzi akaiuza sokoni Kikuubo katikati ya vibiriti na sabuni.

Basi Phelister akayaacha magunia stoo. Ojara naye, sura yake ilipofika, akawapeleka polisi kwenye stoo hiyo. Wakafungua mlango, wakakuta panya mmoja na ufagio. Sukari haipo.

Kikuubo kizima kikapagawa. Hakuna aliyeuliza nani kamuua Bunjo.

"Bunjo kafa, Mungu amrehemu," alisema Acayo, jirani yao, mke wa polisi, amesimama mlangoni mkono kiunoni. "Lakini sukari, Mama Akot! Sukari iko wapi?"

"Sijui, dada. Muulize Baba Akot."

"Unalala naye kitanda kimoja na hujui?"

"Hasemi hata akiota."

Alhamisi mchana, Phelister akianika nepi, gari la jeshi likasimama mbele ya nyumba. Akashuka kapteni mwenye miwani nyeusi, mkononi ana sura zote zilizokwisha kutoka, zimekunjikakunjika kwa kusomwa. Madirisha ya mtaa yakafungwa moja baada ya jingine. La Acayo lilifungwa pia, ila likaacha nafasi ya sikio.

"Wewe ndio mama ya sukari?"

Phelister alijikuta ameshika nepi mbichi kifuani kama ngao. "Karibu ndani, afande. Mimi ni mama ya Akot."

Kapteni akaingia, akakaa. "Mimi nasoma yote. Magunia ishirini. Stoo ina kufuli mbili. Mlango ya nyuma inalia kama mbuzi. Mtu hawezi kujua hii yote kama hajaona. Sasa sema. Iko wapi?"

"Afande, ni hadithi tu. Tumebuni."

"Kubuni?" Kapteni alimtazama kama mtu anayedanganywa na mtoto. "Nani nakaa chini kuandika uongo kurasa yote hii, na serikali hajamlipa?"

Hapo Phelister, kwa hofu, akasema ukweli mtupu, na ukweli ndio uliomponza. "Haki ya Mungu, mimi sijui, afande. Aliyeificha ni mume wangu."

Alipojisikia akisema hivyo, akajiziba mdomo kwa ile nepi. Siku hizo watu walipandishwa magari ya namna ile kwa jambo dogo kuliko hilo, na wake zao wakaendelea kupika chakula cha watu wawili.

Ojara akaletwa kutoka kazini, amebanwa katikati ya askari wawili, kalamu bado iko sikioni. Wakamkalisha kwenye kigoda.

"Wapi?" akauliza kapteni.

Ojara akasema, "Afande... bado sijaamua."

"Hujaamua?"

"Nilitegemea mke wangu ataipata. Sura inayofuata ni yake."

"Mimi?" Phelister akasahau bunduki zote. "Yaani wewe unaficha magunia ishirini bila kujua umeyaficha wapi, halafu mimi ndiye nitafute?"

"Si wewe uliyeyaleta? Nani alikutuma ulete sukari, Mama Akot? Ungeleta chumvi!"

"Nani ataua mtu kwa chumvi?"

"Nyamaza!" Kapteni akapiga meza. "Wewe bwana, panda gari. Huko utaamua haraka."

Ojara akasimama. Akaitoa kalamu sikioni, akampa mkewe taratibu, kama mtu anayeacha ufunguo wa nyumba. Phelister akaitazama ile kalamu, akaona kwamba sukari isipopatikana sasa hivi, mume haonekani tena.

"Afande," akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe kwa utulivu, "sisi kazi yetu kuandika. Kuficha hatujui, ndiyo maana tumekwama. Wewe ni mtu mkubwa, umeona mengi. Ingekuwa wewe, magunia ishirini ungeyaweka wapi?"

Kapteni akasita. Pengine hakuna mtu aliyewahi kumwomba ushauri. Akavua miwani, na macho yake yalikuwa madogo, hata ya kirafiki.

"Mimi?"

"Wewe, afande."

"Mimi siwezi weka kwa stoo. Stoo ni ya wajinga." Akasogea mbele. "Mimi naweka kwa tangi ya zamani, ile iko nyuma ya kantini ya kambi. Haina maji. Chini nalaza mbao, sababu ya unyevu. Juu turubai, juu ya turubai matairi. Kisha namwaga majivu kuzunguka, sisimizi wasipande. Hao sisimizi, mama, wananisumbua sa—"

Akauma ulimi.

Mmoja wa wale askari, aliyesimama mlangoni, akageuza shingo polepole, kama mtu aliyekumbuka chai yake ya asubuhi ilivyokuwa kavu, bila sukari.

"Samahani, afande, sikusikia kitu," Phelister akawahi. "Mtoto analia sana."

Akot alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

"Ndiyo," alisema kapteni, miwani ikirudi usoni. "Analia sana. Mtoto mbaya." Kisha akainama karibu. "Sukari ya Bunjo haiko kwa tangi."

"Haiko, afande."

"Wala kantini. Andika mbali. Mbali kabisa! Na huyu bwana anabaki hapa, anakusaidia kuandika mbali."

Gari lilipoondoka, Ojara aliteremka mpaka sakafuni, akalaza kichwa mapajani mwa mkewe. Mabega yalimtetemeka. Phelister akambembeleza kama anavyombembeleza Akot, mpaka akagundua kwamba mume anacheka, naye akaanza.

Lakini kazi ilibaki, kwa maana popote watakapopataja, mtu atapigwa.

"Namuwongo, kando ya reli," alisema Ojara.

"Watabomoa vibanda vya watu."

"Kanisani?"

"Wampige padri?"

"Basi kwa mama yako Kisumu."

"Thubutu!"

Mwishowe Phelister akapata. Wezi, wakifukuzwa na Inspekta Pilipili pekupeku, waliyafungua magunia yote ishirini pale Port Bell na kuyamwaga ziwani. "Ziwa," alisema, "nani atalipiga?"

Sura ilitoka Jumamosi. Jumapili baada ya misa, Acayo akarudi kutoka Port Bell na debe la maji kichwani, gauni limelowa hadi magotini, na nyuma yake nusu ya mtaa na sufuria zao. Akateka kikombe, akaonja, akafumba macho muda mrefu.

"Eh?" aliuliza Phelister, Akot mgongoni.

"Kwa mbali," alisema Acayo, akilamba midomo. "Kwa mbali sana, Mama Akot. Lakini utamu upo."