Maji katika Damu ya Mutoni

Binti yangu Mutoni alipozaa mara ya kwanza, hakupigwa ile sindano ya akina mama wenye damu ya negatifu, ya kulinda mimba inayofuata. Imekwisha, walisema hospitalini. Wakubwa wetu hawakosi mafuta ya magari yao. Sindano ndizo zinawaishia. Mama yake alinifia kwenye machela, tukitembea kutafuta barabara ambayo wakubwa haohao walituahidi.

Sasa Mutoni ana mimba ya pili, na damu yake imejifunza kumpiga mtoto aliye tumboni. Wiki mbili zilizopita labo, pale hospitali wanapopimia damu, ilipima nguvu hiyo ikapata nane. Ikifika kumi na sita, mtoto yuko hatarini. Kwa hiyo niliwaacha ng'ombe huko milimani, nikashuka Uvira kumsindikiza.

Nilisimama kwenye dirisha la labo. Félicien, muntu wa labo, alichota yale maji ya manjano juu ya damu, akayatia katika kichupa pamoja na maji. Akahamisha nusu katika kichupa cha pili, akaongeza maji tena. Cha tatu vilevile.

"Weye," nikamwambia, "kwetu anayetia maji mu maziwa hagusi tena kibuyu. Na unatia mu damu ya mutoto wangu?"

Wamama wa kwenye benchi wakacheka. Mutoni akajifunika kitenge usoni.

"Papa, kaa chini. Unanipatisha haya."

Félicien hakukasirika. "Mzee, kila kichupa nguvu inapunguka nusu. Natafuta kichupa cha mwisho chenye bado kinagandisha chembe za damu nitakazotia. Ikigandisha hata mu maji mengi, iko kali sana. Cha tatu ni nane. Cha ine ni kumi na sita."

Nikasogea karibu zaidi na dirisha.

"Basi ongeza maji," nikasema. "Ongeza mpaka ishindwe."

"Haiko hivyo, mzee."

"Ongeza tu."

Tulingoja karibu saa nzima. Mutoni alinihesabia vidole vyangu kama alivyofanya utotoni, nami nikamwachia. Félicien akatoka na karatasi.

"Cha tatu kimegandisha. Cha ine hapana. Iko bado nane."

Nikakaa kwenye benchi.

"Papa, mwenye mimba ni miye," Mutoni akasema, akinipangusa jasho.

"Nyamaza, usiichokoze nane yetu."

"Murudi nyuma ya wiki mbili, tupime tena," Félicien akasema, akiandika.

"Tutarudi. Na hiyo nane uiandike kubwa, mwanangu. Wakubwa hawaonaga vidogo."