Bei ya Chokaa

Mwaka mmoja kabla ya vita vya Wajerumani nilikuwa natengeneza nyumba yangu hapa Lamu. Chokaa niliinunua kwa Bwana Gharib, mwenye punda wengi. Tulivutana bei mpaka sote wawili tukaridhika, tukapeana mikono. Alinipunguzia kwa kumbebesha kila punda makanda manne, ile mifuko ya ukindu, badala ya mawili. Njia yetu ni nyembamba, kuta huku na huku, na punda wa makanda manne huijaza yote.

Siku ya kwanza tu, mwendesha punda alikuja akipiga kelele apishwe njia, "Simile! Simile!" Jirani yangu, Bi Ruqaya, alikuwa kiziwi. Punda alimbana ukutani, akamvunja nyonga.

Nilimwendea Gharib.

"Mimi nimeuza, wewe umenunua," alisema. "Nani kamdhulumu mwenziwe?"

Bi Ruqaya hakuwepo tulipopeana mikono.

Alilala miezi miwili, akafa. Tulimzika asubuhi, adhuhuri nikarudi kupaka chokaa. Msinitazame hivyo; ukuta haukuwa umekwisha. Majirani waliiacha njia ile. Wanawake wakawa wanazungukia nyuma ya msikiti kwenda kisimani, na watoto wakafungiwa ndani.

Chokaa iliponiishia, Gharib alikuja mwenyewe, uso umekunjuka.

"Bwana Shekhan, mara hii nakupunguzia tena. Ndia yenu haina watu siku hizi, punda hawasimamisimami."

Nikamwambia alete makanda ishirini.