Habu ya Kashindye

Jumatatu asubuhi Chenge alileta gurudumu la nyuma kwenye banda la Selina pale Nyegezi, akaliegemeza kwenye ndoo ya maji ya kutafutia pancha, akasema linaongea sana.

"Linasemaje?" Selina aliuliza. Alikuwa anasugua tyubu ya mtu mwingine kwa msasa.

"Si unajua."

"Mimi fundi. Mgonjwa anajieleza mwenyewe."

Chenge akaangalia barabarani, akaangalia mabati juu. Mabati hayakumsaidia kitu. "Linasema nilimsukuma kaka yako."

"Basi halina ubovu," Selina alisema, akaendelea kusugua.

Kaka yake, Kashindye, alikufa kwenye mbio za baiskeli za Kigongo. Chenge, aliyekuwa naye bega kwa bega, alieleza kwamba marehemu aliyumba mwenyewe akaingia mtaroni, na kwamba alipoinama kumsaidia alikutana na harufu ya gongo. Hakueleza kwa nini gurudumu lake yeye lilikuwa limepinda kama chapati ya jana. Alichofanya ni kuchomoa la Kashindye. Ilibidi amsogeze mguu kidogo ndipo litoke. Akalifunga kwenye baiskeli yake, akamaliza mbio akiwa wa pili. Tena alilifunga vizuri sana: cheni kwenye gia ndogo, ekseli imekaa mpaka mwisho wa nafasi yake, kishikio kimebanwa barabara.

"Mtu aliyeshtuka hafungi gurudumu hivyo," Selina alisema msibani, na shangazi mmoja akamwomba anyamaze, watu wanakula.

Chama cha waendesha baiskeli kina utaratibu wake. Mwenzao akifa humsindikiza makaburini kwa miguu, kila mtu anakokota baiskeli yake, na habu zote zinalia tik-tik-tik mpaka kaburini. Haimbi mtu. Kashindye hakusindikizwa. Mwenyekiti, Mzee Jonathan, alisema chama hakiwakokotei walevi. Siku ya mazishi mama yao, Dorotea, alikuwa ameshawafagilia njia kutoka barabarani hadi mlangoni. Alipopewa taarifa hiyo akarudi kuifagia upya, safari hii kwa hasira.

Sasa Jumamosi ilikuwa siku ya kuweka msalaba kaburini, na Selina alitaka jambo moja tu: chama kije kiusindikize ule msalaba, mji mzima uone kwamba kaka yake hakuwa mlevi.

Habu ni kile kitovu cha chuma katikati ya gurudumu, kinachoshika spoki zote. Ya nyuma ina vijino vyenye springi ndani. Ukikanyaga pedeli vinang'ata, baiskeli inakwenda. Ukituliza miguu vinarukaruka, ndiyo ile tik-tik. Tangu wiki ya mazishi, habu ya Kashindye haikusema tik-tik. Ilisema, kwa sauti ya Kashindye ya kupitia puani: "Chenge kanisukuma. Sikunywa kitu." Akina mama wa dagaa pale Mwaloni walishaizoea. Ilipopita walisema, "Kashindye huyo," wakaendelea kupima.

Chenge alikuwa ameshaipeleka kwa fundi mmoja wa Kirumba, naye akaishindilia grisi nzito ya malori. Habu ikanyamaza kweli. Lakini vijino navyo viliganda vising'ate tena, pedeli zikawa zinazunguka bure, Chenge akapiga mweleka mbele ya kibanda cha chipsi, na wateja wakamsogezea kachumbari.

"Isafishe, lakini inyamaze," alimwambia Selina.

"Nikiisafisha itaongea. Nikiiziba hutasogea."

"Katikati hapo hakuna kitu?"

"Kipo. Nenda kwa mwenyekiti kaseme ukweli, halafu Jumamosi mje na baiskeli zenu nyuma ya msalaba."

"Jumamosi kuna mbio, dada."

"Usiniite dada. Aliyekuwa akiniita hivyo umemlaza makaburini Buhongwa."

Chenge aliondoka akisema watu wengine wanafuga kinyongo kama kuku wa mayai. Selina alilifungua gurudumu. Alitoa ekseli, akafuta ile grisi nyeusi kwa kitambaa na mafuta ya taa, akaosha gololi mojamoja, akazirudisha kwa grisi nyepesi, vile vijino akavidondoshea mafuta ya cherehani. Akakaza mpaka ekseli ikawa haichezi wala haikwaruzi. Akalizungusha.

"Chenge kanisukuma. Sikunywa kitu," alisema Kashindye. Safari hii hata kile kikohozi chake kidogo kilisikika.

Kesho yake akalibeba mpaka ofisi ya chama.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Umeniletea redio?"

Mzee Jonathan alilizungusha kwa kidole chake mwenyewe, akasikiliza mpaka mwisho, akazungusha tena. Hakuwa mtu wa haraka.

"Ni yeye," alisema. "Mpaka kikohozi."

"Basi?"

"Basi nini, binti yangu? Habu si mwanachama. Tungeanza kusikiliza vipuri hapa, mbio tungekimbia lini? Na Jumamosi kuna mgeni rasmi."

"Mnamsikia mtu anasema kauawa!"

"Tunamsikia. Nani kakwambia hatumsikii?" Akamwita Chenge, aliyekuwa nje anajifanya anapuliza tairi. "Hebu niambie, huyu huwa anaongea saa ngapi?"

"Nikiacha kukanyaga, mzee."

"Sasa si usiache?"

Chenge akalifikiria lile jambo. Lilikuwa rahisi mno, akaona aibu kwa kutolifikiria mwenyewe. Selina alinyoosha mkono kulichukua gurudumu, mwenyekiti akaliweka nyuma ya kiti chake, akasema ni mali ya chama, na Chenge atalikimbilia Jumamosi. Alimshukuru kwa kulisafisha.

Jumamosi Chenge hakuacha kukanyaga. Alikanyaga milimani na wenzake, kisha kwenye miteremko, pale wenzake walipokaa kupumua na kunywa maji, yeye akaendelea kukanyaga. Alikanyaga konani. Alikanyaga mpaka Kigongo darajani na kurudi, mdomo wazi, macho yametoka kama ya sato wa mnadani, na nyuma yake hakukuwa na mtu karibu. Alipovuka mstari pale uwanjani Kirumba alibana breki huku bado anakanyaga, ikabidi wanaume washike fremu ndipo ashuke. Mgeni rasmi aliwaambia vijana waige bidii ile. Mzee Jonathan akatangaza kwamba bingwa atasindikizwa kwao Buhongwa kwa utaratibu wa chama, yeye juu ya baiskeli, wenzake kwa miguu.

Msalaba wa Kashindye ulikuwa umelazwa kwenye guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, nao unakwenda Buhongwa. Mama Dorotea alitembea pembeni ameushika usiteleze, Selina akisukuma kwa nyuma. Walipofika Mkolani wakasikia honi na habu nyingi zinakuja. Mwenye guta akasogea pembeni ya lami, maana msafara ulikuwa mkubwa.

Chama kilipita na jezi zake zote. Mzee Jonathan alivua kofia, akasema, "Poleni." Katikati yao alikuwa Chenge, anakanyaga polepole, mapaja yanamtetemeka. Alipowafikia, miguu ikakataa. Baiskeli ilijiendea yenyewe kwenye kale kamteremko, na katikati ya zile tik-tik zote sauti ikatoka, safi, ikajaa barabara:

"Chenge kanisukuma. Sikunywa kitu."

Wenye vibanda walisikia. Waliokuwa wanakokota baiskeli walisikia pia, na mmoja akamwambia mwenzake apunguze mwendo, asimgonge bingwa.

"Shikamoo, mama," Chenge alisema, kwa kuwa alikuwa amemtazama mama machoni na ilibidi aseme neno.

Ile shikamoo ilibaki pale barabarani, haina mwenyewe.

"Anaongea vizuri," mama alimwambia Selina. "Umemsafisha?"

"Nimemsafisha, mama."

"Tumekusikia, baba," mama akaliambia lile gurudumu la mwanawe, lililokuwa linatokomea msafarani.

Barabara ilipopata nafasi, guta likaingia nyuma yao, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kwenda. Mtu aliyetokea mbele angedhani chama kizima kinautangulia ule msalaba, na wachache walisimama kweli, wakavua kofia. Ilikwenda hivyo mpaka njia panda ya makaburini. Pale guta lilikata kushoto, na chama kikanyoosha moja kwa moja.