Bwawa la Chumvi la Marehemu Mama

Kofi la kwanza lilimwangusha Mama Reki kwenye matope, na aliyelipiga ni mdogo wake wa tumbo moja, ambaye yeye mwenyewe alimlea mgongoni.

"Toka, dada! Mkoa umeshawapa watu wa hoteli ufukwe wote. Nimetia sahihi."

"Umetia sahihi bwawa la mama? Kwa mkono upi, nikuvunje?"

Akainuka na reki yake ya kukokotea chumvi, akamvunja kweli. Kifundo cha mkono kikalia ko!

Nyuma yake, ndani ya bwawa lililozungushiwa tuta la udongo, chumvi ya miezi minne ilikuwa imeganda nyeupe pe, zimebaki siku mbili ivunwe. Kisiwa chao hakina mto wala shamba la maana. Chumvi ndiyo iliyojenga shule na zahanati. Zamani za wageni waliotawala kisiwa, mama yao alichapwa viboko hapo hapo akiwavunia chumvi, mgongo ukabaki matuta matupu. Wageni walipoondoka, akagawiwa bwawa moja. Ndilo hilo.

Vijana watatu waliokodiwa bara wakamrukia Mama Reki. Mateke ya mbavu, jino likatoka. Trekta lilikuwa limeshaingia kwenye mfereji wa maji ya bahari, tayari kubomoa tuta, na mdogo mtu yuko kando yake, mkono kaukumbatia, anaelekeza.

Mama Reki akacheka na damu mdomoni. "Nyie, mlipima lini?"

"Wiki iliyopita," dereva akajibu. "Mfereji mkavu kabisa, bibie."

Wiki iliyopita yalikuwa maji mafu, bahari haipandi. Leo bamvua, bahari inajaa mpaka juu. Mdogo mtu, miaka yote ofisini bara, alikuwa amesahau.

Bahari ikaingia kwa kishindo. Trekta likalala ubavu, likamgandamiza mdogo mtu mguu, mfupa ukatokeza nje. Dereva na wenzake wakatoka nduki. Maji yakafika kifuani, yakafika kidevuni.

"Dada! Dada'angu!"

Mama Reki akalitazama lango la mbao kati ya mfereji na bwawa. Akilifungua, maji yatakimbilia bwawani, apate nafasi ya kumchimbua. Lakini chumvi je? Marehemu mama yao alikuwa akiwategea kitendawili kila jioni: maji yamenizaa, yakinikumbatia nakufa, mimi nani? Na huyu huyu mdogo ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele, "Chumvi!"

Akashusha reki langoni mara moja, mara mbili, mbao zikapasuka. Maji ya mfereji yakashuka. Akachimba kwa kucha, akavuta, yule akilia kama mbuzi wa kuchinjwa, mpaka akamtupa juu ya tuta.

Tuta lilikuwa zima. Ndani yake, maji ya tope, hata punje hakuna.

"Dada... chumvi..."

Akamzaba kofi, midomo ikapasuka. Kisha akafungua kitambaa chake cha kichwa, akaufunga mguu ule, akakaza.

"Hilo la mama," akasema. "Langu nitakupiga ukipona."