Moto Ulioambiwa Ungoje

Karani wa shule alikuwa akigonga muhuri kwenye bahasha za matokeo ya muhula pale moto ulipobisha hodi. Alijibu karibu bila kuinua macho, kwa sababu ukiinua macho wakati wa kugonga muhuri, muhuri hukaa upande. Moto ukaingia, ukajifuta miguu kwenye kirago cha mlangoni, ukasimama mbele ya meza yake. Ulikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la tatu na haukutoa moshi.

"Nimetoka kwenye ule waya wa bwenini," ulisema. "Ule uliochunika, juu ya mlango wa mbele. Nimekuja kuunguza bweni la wasichana. Ila mimi sipendi kumvamia mtu. Mkishajiandaa mniambie, ndipo nianze."

"Mwalimu mkuu yuko kikaoni," alisema karani. "Kaa hapo ungoje."

Palikuwa na benchi la mbao na benchi la saruji. Moto ukachagua la saruji, kwa adabu.

Kikao chenyewe kilikuwa cha Kamati ya Maafa, na hoja iliyokuwa mezani ni nani mwenye mamlaka ya kupiga kelele za moto. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa michezo, aliyepewa uenyekiti kwa kuwa ana filimbi. Baada ya mabishano marefu walikubaliana kwamba kelele atapiga mwalimu wa fasihi, mtu wa sauti ndogo ambaye hata darasani wanafunzi huvuta viti mbele ili wamsikie, maana wenzake wote walikwisha kugawiwa majukumu. Naye asipige mpaka apate idhini ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akiwa safarini, idhini ingengoja arudi.

Karani alipoingia kuwaambia kwamba moto umefika, mwalimu mkuu alifurahi sana. Alisema hayo ndiyo matunda ya kufanya kazi kwa mpangilio: shule za wenzao huvamiwa, yao inabishiwa hodi.

Ambaye hakufurahi ni mlezi wa bweni. Mwanamke huyu alikuwa akimlea binti wa marehemu dada yake, na binti huyo alikuwa akilala kitanda cha mwisho kabisa, kando ya mlango wa nyuma. Mlango ulikuwepo, hilo lisemwe kwa haki. Lakini ulipigwa kufuli tangu wasichana wakubwa walipouzoea kwa kutoroka, na ufunguo mwalimu mkuu alitembea nao mfukoni ili usipotee. Kwa nje mlango ulizibwa na rundo la vitanda vibovu. Vitanda hivyo zamani vilikuwa stoo. Vilitolewa ili kupisha vifaa vya kuzimia moto.

Mlezi hakuhitaji kikao kujua maana yake. Moto ukianzia mlango wa mbele, mtoto wa dada yake hana pa kutokea, yeye na wenzake wote. Aliogopa, na hakuona sababu ya kuuficha woga wake.

"Naomba mlango wa nyuma ufunguliwe, mwalimu," alisema. "Na ule waya ushughulikiwe."

"Haraka haraka haina baraka," alijibu mwalimu mkuu. "Mgeni mwenyewe amekaa, ametulia. Sisi wenyeji ndio tuanze kuhangaika?"

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu moto ulipewa birika. Ulichemsha chai ya walimu vizuri, bila kuunguza mpini, na kuanzia hapo haukukosa kazi. Walimu walileta pasi. Mpishi alikuwa akija kuuazima kila maharage yalipokataa kuiva. Wasichana waliuita Mjomba na kutandaza soksi zao mbichi kwenye benchi la saruji, pembeni yake. Kuni zilizokuwa zikiisha kwa mwezi sasa zilibaki, na mwalimu mkuu akapongezwa na bodi ya shule kwa kubana matumizi.

"Mama mdogo, Mjomba ni mpole," mtoto alimwambia mlezi jioni moja. "Soksi zangu hajaziunguza hata moja."

"Najua ni mpole, mwanangu. Mimi siugombi moto. Mlango ndio umenikalia rohoni."

Mlezi alikwenda stoo kuomba walau mitungi miwili ya kuzimia moto akaiweke bwenini. Mtunza stoo alimfungulia mlango kidogo tu, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga aliyelala. Mitungi ilikuwa imepangwa, myekundu, kila mmoja ndani ya nailoni yake. Kulikuwa na ndoo za mchanga uliochekechwa, na mpira wa maji uliokuwa haujawahi kuguswa na maji.

"Vitu vipya hivi, dada yangu," alisema mtunza stoo. "Tukivitoa vitachakaa. Halafu moto ukitokea, tutatumia nini?"

"Moto umeshatokea. Umekaa pale kwa karani."

"Ule umekaa. Mimi nasemea wa kuwaka."

Kamati ikafanya zoezi. Mwalimu wa michezo alipuliza filimbi, mwalimu wa fasihi akaomba idhini, akapewa, akasema "moto" kwa sauti yake ile, na wasichana wakatoka bwenini kwa mstari huku wakicheka. Moto ulialikwa kama mtazamaji, ukapewa nafasi ya kusema neno.

"Wamepita wote mlango wa mbele," ulisema. "Nami nitaanzia hapo hapo. Nikiwa mlangoni, wao watapita wapi? Bado hamjawa tayari."

Makofi yakapigwa. Mlezi alidhani sasa mambo yamekwisha, kwa kuwa aliyesema ni mtaalamu. Akauliza ufunguo utatolewa lini.

Mwalimu mkuu alimtazama kwa huruma. "Mlezi, sikiliza vizuri. Moto wenyewe umetamka mbele ya watu kwamba utaanza siku tutakayokuwa tayari. Sasa wewe unataka tuwe tayari ili iweje?"

Wajumbe walitikisa vichwa kwa kukubali. Hawakuwa wamelifikiria hivyo. Kikao kikapitisha kwamba usalama wa shule uko katika kutokujiandaa, na kwamba kamati iendelee kukutana ili kuhakikisha hali hiyo haibadiliki. Mlezi alirudi bwenini akajifunika khanga usoni, akalia kidogo, kisha akaenda kusimamia usafi.

Mvua zilipita, jua likaja. Adhuhuri moja moto ulimfuata mlezi kwenye kamba ya kuanikia nguo.

"Nimekuja kuaga," ulisema. "Nimepata ajira ya kudumu kwenye tanuri la matofali. Umri nao umekwenda, sasa nataka kazi isiyo na vikao."

"Nasi utatuachia nani?"

"Waya uko pale pale, kwa hiyo utawaletea mwingine. Huyo sijui tabia yake. Vijana wa siku hizi hawakai benchini." Moto ukatazama chini. "Umenitunza vizuri, hujanipigia kelele hata siku moja. Nikufanyie nini kabla sijaondoka?"

Mlezi alikuwa amelijibu swali hilo moyoni muda mrefu. Wakaenda nyuma ya bweni. Mlezi alivuta vitanda vibovu kimoja kimoja, moto ukashika kufuli kwa mikono miwili, na kufuli likalainika, likadondoka chini kama nta. Mlango uliposukumwa ulipiga kelele kwa kusahau kazi yake. Upepo ukapita bwenini toka mwanzo hadi mwisho, na mtoto akaja kukaa kizingitini, akaning'iniza miguu nje na kumwimbia mama yake mdogo wimbo wa darasani. Mlezi alimsikiliza hadi mwisho. Usiku ule alilala fofofo.

Asubuhi iliyofuata mtunza stoo aliona kufuli limekuwa uji wa chuma. Ombi la kurekebisha waya lilikuwa na umri wa miaka, lakini kufuli jipya lilipatikana kabla ya saa ya chai, kubwa kuliko lile la kwanza na la chuma kigumu zaidi. Vitanda vibovu vilirudishwa, na safari hii vilifungwa pamoja kwa waya wa seng'enge ili visihamishwe na mtu mmoja. Mwalimu mkuu akatia ufunguo mpya mfukoni na kumwita mlezi ajieleze mbele ya kamati kwa kuharibu mali ya shule.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mtunza stoo alimwambia walipopishana kibarazani, na akacheka, maana alikuwa ameusubiri wasaa wa kuisema methali hiyo.

Mlezi aliketi kwenye benchi la saruji kungoja aitwe. Benchi lilikuwa bado na joto. Ilikuwa saa ya mapumziko ya mchana, wasichana wamekwisha kula na wamejilaza bwenini. Karani alikuwa akigonga muhuri.

Moto mpya uliingia bila hodi. Ulikuwa mwembamba, mrefu, na haukujifuta miguu.

"Mwalimu mkuu yuko kikaoni," alisema karani bila kuinua macho. "Kaa hapo ungoje."

Mlezi alisogea kuupisha. Moto haukukaa.

"Ningoje nini?" uliuliza.

Karani alifikiri, maana lilikuwa swali la haki, na yule wa kwanza hakuwahi kuliuliza. Mlezi hakungoja jibu. Alivua viatu, akaviacha pale pale chini ya benchi, akatoka mbio kuelekea bwenini huku akimwita mtoto kwa jina.

Karani aliuomba moto radhi, akaenda kugonga mlango wa kikao. Ndani walikuwa wamefika kwenye hoja ya kufuli. Ufunguo mpya ulikuwa mezani, mbele ya mwalimu mkuu, wajumbe wakiupitisha mkono kwa mkono na kuusifia uzito wake.

"Kuna moto hapa nje," alisema karani. "Mwingine. Huu hautaki kungoja."

"Uambie tunamalizia," alisema mwalimu mkuu.

Karani akarudi kuuambia, akakuta benchi tupu.