Usimuulize Binti Analilia Nini Kichina

Mama wenzangu, ukitaka kumtoa mtoto wako kwenye masomo, mtoe. Usimuulize kwanza anasoma nini. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hili nimeliona.

Binti yangu Nabilah tulimpeleka chuo kikuu kusoma Kichina, tukijua atafanya kazi na wale Wachina wanaoleta bidhaa madukani Kikuubo. Kumbe wamempa Kichina cha marehemu, mashairi ya miaka elfu na zaidi. Mwalimu mmoja, mzee, anataka ayahifadhi na kuyaghani kabla ya kuuliza lolote. Hilo nililielewa, madrasa nayo ni hivyohivyo. Mwalimu wa pili anataka ayatie kwenye kompyuta, ihesabu vineno vidogo kama "na" na "basi". Ati mtunzi hujulikana kwa vineno asivyovifikiria.

Nikasema sawa. Lakini mtoto akaanza kuzunguka chumbani akighani, machozi yanamtoka. Dada yangu Habibah akaniambia nimtoe huko kabla kichwa hakijaharibika. Nikakubali, nikaingia kumwambia.

Basi nikauliza kwanza analia nini.

Akanifasiria shairi. Mama mmoja, mwanawe ni askari mpakani. Jioni anapakua sahani mbili, halafu anaigombeza sufuria kwamba ndiyo iliyozidisha chakula.

Nikakaa kitandani. Kaka yake Nabilah, Yasiin, yuko Somalia na jeshi. Nabilah anaona kila siku ninavyopakua.

"Huyo mama aliitwa nani?"

"Hapo ndipo shida, Mama. Mwalimu mzee anasema ni mwanamke aliyeandika. Kompyuta inasema ni karani wa mfalme, mwanamume, na hata mtoto hakuwa naye."

"Kompyuta imezaa?"

"Hata mzee hajazaa, Mama."

Sasa nikachanganyikiwa kabisa. Kama ni karani, ya sufuria aliyajulia wapi? Na kama ni mama, mbona vineno ni vya karani? Labda mama alisimulia, karani akaandika. Nabilah akasema hata hilo linawezekana, ila hajui atalijuaje.

Habibah alipopiga simu kuuliza kama nimeshamtoa, nikamwambia bado, arudi kwanza akasome, tumjue ni nani.

"Mumjue nani?" akauliza.

Nikaanzia kwenye sufuria.